Mahari ya Kebo ya Kijivu

Wanawake wa Mangobo, mtaa wa Kisangani, tukikaa kusukana nywele, mazungumzo hayakawii kufika kwenye mahari. Huyu alitolewa mbuzi, yule pagne, yaani kitenge, mwingine papa yake alipata koti na viatu. Zamu yangu ikifika nasema: kebo. Wanacheka, wanadhani naficha jambo. Sifichi kitu. Niliolewa kwa kebo ya umeme, ile yenye ganda la kijivu, na hilo ganda lilikaribia kuniacha nyumbani kwa papa hadi leo.

Papa yangu alikuwa mwashi. Nyumba yetu aliijenga kwa mikono yake kabla mgongo haujamkataza kuinama, na ukuta wake aliupenda kama mtu anavyompenda mtoto aliyemzaa uzeeni. Nguzo za umeme zilipofika kwenye avenue yetu, majirani walivuta waya mmoja baada ya mwingine. Jirani wa kulia alinunua friji, akaanza kuuza maji baridi. Wa kushoto alinunua spika, na tangu hapo sala zetu za jioni tukawa tunazisema kwa kupiga kelele ili Mungu atusikie kabla ya ule muziki. Sisi tulibaki na taa ya kuchaji. Papa hakulalamika. Alikuwa anakaa mlangoni akitazama balbu za wenzake kama msimamizi anayekagua kazi ya watu.

Wakati huohuo nilikuwa na mchumba. Nilimpata dukani kwa baba yake, nilipotumwa kununua kufuli la darasa ninalofundisha. Wao ni watu wa Kivu ya Kaskazini, Wakatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, na duka lao liko karibu na soko kuu: misumari, rangi, mabati, nyaya. Yeye alisomea umeme katika shule ya ufundi. Nilimwuliza bei ya kufuli, akanieleza kufuli. Alinieleza ulimi wake, chemchemi yake, kutu yake, na kwa nini la shaba linashinda la chuma. Nilirudi shuleni nimechelewa, watoto wameshapanda juu ya madawati. Wiki ile nilipoteza ufunguo kwa makusudi, nikarudi.

Kwetu msichana haolewi mpaka tonton aseme. Tonton ni kaka mkubwa wa papa, mtu wa Yanonge, mvuvi na muuza samaki, mwenye sauti iliyozoea kuvuka mto. Alipoitwa kwa ajili yangu alipanda mto kwa baleinière, zile mashua kubwa za mbao, akashuka bandarini na mfuko mmoja wa samaki wakavu na kiti chake cha plastiki. Hakuamini viti vya mjini.

Siku ya kwanza wageni walipokuja kujitambulisha, tonton alimkazia macho baba mkwe wangu. Nimwite hivyo tangu sasa, na tonton alimwita bokilo, yaani mkwe, ingawa siku ile hakuwa na hakika.

"Bokilo, unafanya kazi gani?"

"Mi nauzisha vitu ya quincaillerie, papa."

"Kama nini?"

"Misumari, rangi, câble ya courant..."

"Simama pale. Câble ya courant." Tonton akageukia watu wote, kama hakimu aliyepata ushahidi. "Mbuzi tutakula, itaisha. Koti, panya atakula. Donc sisi tunataka courant. Mutu hawezi kubeba binti na kuacha papa yake mu giza."

Baba mkwe alikuwa amejiandaa kwa mbuzi. Alifurahi waziwazi, akakubali upesi kuliko adabu inavyoruhusu. Mwanawe mwenyewe angefunga nyaya, vifaa vingetoka dukani, nyumba ingewaka kabla ya harusi. Watu walianza kupeana mikono. Ndipo papa, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu wageni waingie, akasema:

"Lakini ukuta yangu, hapana kukata."

Mchumba wangu alitaka kuficha nyaya ndani ya ukuta, kwenye mabomba, kama inavyofanywa katika nyumba mpya. Ingebidi achonge mfereji kwa patasi kutoka dari hadi swichi. Papa aliposikia neno patasi alisimama, akauegemea ukuta kwa mgongo wake mbovu na mikono ameitandaza, na ikawa wazi kwamba atakayechonga atamchonga yeye kwanza. Basi ikakubaliwa kebo ipite juu ya ukuta, ishikwe kwa vibanio vidogo vyenye msumari, kila mtu aione.

"Kama itaonekana," tonton akasema, "tutachagua rangi."

Kwa neno hilo ndoa yangu ikasimama.

Walirudi Jumapili iliyofuata. Mama mkwe alikuwa ameleta sinia, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mama yangu alidhani ni keki, akaleta sahani. Kitambaa kilipofunuliwa, vilikuwa vipande vya kebo vya urefu wa kiganja, vimepangwa vizuri kama soseji: cheusi, cheupe, cha chungwa, cha kijivu. Mama alirudisha sahani jikoni.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba. Desturi yetu ni kwamba binti anakaa huko mpaka mwisho, ndipo anaitwa kuulizwa mbele ya wote kama anamtaka huyu mwanamume. Na bwana harusi naye siku hiyo hana mdomo. Anasemewa na baba yake. Desturi hiyo ni nzuri watu wanapozungumzia mbuzi, kwa sababu kila mzee anajua mbuzi. Lakini pale sebuleni aliyejua kebo alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekatazwa kusema. Nilimwona kupitia tundu la pazia akijikunja kwenye kiti kama mtu mwenye tumbo la kuendesha.

Tonton alianza na kipande cheusi. Alikishika kwa ncha za vidole.

"Hapa kuna matanga?"

Mchumba wangu akamnong'oneza baba yake maneno mengi. Baba akajikohoza.

"Papa, mutoto anasema nyeusi haiogopi jua."

"Sisi pia hatuogopi jua. Hiyo si sababu ya kututundika ku ukuta."

Kipande cheusi kikarudishwa kwenye sinia. Kikaja cheupe. Tonton alikinusa. Katika familia za mto, udongo mweupe hupakwa mama aliyezaa mapacha, na kila mtu pale alijua anakoelekea.

"Nyeupe iko ya mapasa. Munamutakia binti yetu mapasa mbele ya mariage?"

Mnong'ono tena, mrefu zaidi. Nilisikia neno moshi, neno jikoni. Baba mkwe alikuwa mtu wa kufupisha.

"Mutoto anasema nyeupe itageuka manjano."

"Ona!" tonton akapiga goti lake. "Leo nyeupe, kesho manjano. Mutu anayeleta kitu ya namna hiyo, moyo yake iko namna gani?"

Mchumba wangu alifunika uso kwa mikono.

Ile ya chungwa papa mwenyewe aliikataa. Ulikuwa wakati wa kampeni, na mgombea mmoja wa mtaa wetu alikuwa amegawa fulana za rangi hiyohiyo. "Watu watapita njiani, wataona nyumba yangu, watasema tumenunuliwa." Mama naye akaongeza kutoka jikoni kwamba umeme huku kwetu tunauita kura, kwa kufupisha courant, na kura nyingine inakuja, na yeye hataki mtu wa chama aingie nyumbani kuuliza tumepiga kura ya rangi gani. Hapo walicheka wote isipokuwa tonton, ambaye alikuwa ameshika kipande cha mwisho na kukitazama kama samaki asiyemjua.

"Hii iko rangi gani?"

"Gris, papa."

"Gris iko rangi?"

Swali hilo lilichukua muda mrefu kuliko mengine yote. Baba mkwe alisema ni rangi. Tonton alisema ni kutokuwepo kwa rangi, ni kitu kinachobaki baada ya moto, majivu. Papa alisema saruji ni gris na hakuna mtu aliyewahi kuikataa. Mama mkwe, kwa sauti ya upole, alisema mawingu ya mvua nayo ni gris na yanaleta chakula. Mama yangu akapiga kelele kutoka jikoni: "Ngolo iko gris!" Ngolo ni kambare, na ndiye tonton anayemuuza Yanonge, kwa hiyo alifikiri kweli.

"Ngolo anateleza," akasema mwishoni. "Unamushika, anatoka. Bokilo atatoka vilevile."

Nilisikia kiti cha mtu kikisogea. Nilidhani wageni wanaondoka. Nikakaa kwenye mfuko wa mchele. Nilikuwa na hasira ya ajabu, hasira ambayo sikujua nimwelekeze nani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenikataza kuolewa. Walikuwa wamekataa plastiki.

Ndipo tonton akaniita.

Nilijipangusa uso, nikatoka nikiwa nimeinamisha macho kama nilivyofundishwa. Niliona sakafu, viatu vya wageni, miguu ya kiti cha plastiki. Sauti ya tonton ilikuwa juu ya kichwa changu.

"Mwana yangu, angalia muzuri. Unapenda?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu kufuli. Sikuinua macho. Nilisema kwa sauti yote niliyokuwa nayo:

"Napenda sana, tonton. Nataka kuishi naye mpaka kufa."

Nilipoinua macho, tonton alikuwa amenyoosha mkono mbele yangu, na mkononi ilikuwa ile kebo ya kijivu. Kiswahili chetu cha Kisangani ndicho kilichoniponza. Mtu wa pwani angeuliza kama naipenda au nampenda, na ningejua anauliza kitu au mtu. Sisi tunasema unapenda, basi, kila mmoja anajaza mwenyewe.

Nilitaka kusahihisha. Lakini niliona uso wa tonton umelainika kama sijawahi kuuona.

"Mpaka kufa," alirudia taratibu, akimwonyesha papa kile kipande. "Mutoto amesema mpaka kufa. Mi niko nani?"

Hivyo kijivu kikapita. Baba mkwe alitoa kitambaa akajifuta jasho. Lakini tonton hakuwa amemaliza. Samaki, alisema, hanunuliwi kabla ya kufunuliwa mashavu. Alitaka kuona ndani.

Mchumba wangu alimtazama baba yake, baba yake akatingisha kichwa kukubali, na yule kijana akatoa kisu kidogo mfukoni kwa haraka ya kutia aibu. Alipasua ganda la kijivu kwa urefu, akalifungua, na nyaya tatu zikachomoza: moja nyekundu, moja ya samawati, moja ya manjano yenye mstari wa kijani. Sisi walimu tunaimba mbele ya bendera ya rangi hizo kila asubuhi shuleni. Lakini sikuwa nimezitambua mpaka nilipomwona tonton akisimama, amenyooka, mkono kifuani.

"Ndani iko drapeau," alisema.

Watu wakatazamana. Papa akasimama, kwa sababu kaka yake amesimama. Baba mkwe akasimama, kwa sababu ni mgeni. Mama alitoka jikoni na mwiko, akawakuta wote wamesimama, naye akasimama akashusha mwiko. Mchumba wangu alibaki katikati akiwa ameshika kebo iliyopasuliwa juu kidogo, asijue kama ashushe. Hakuna aliyejua ni nani anayepaswa kuruhusu watu kukaa. Tulisimama mpaka wali ukaanza kunuka kuungua, na mama ndiye aliyevunja sherehe kwa kukimbia.

Tulipokaa, tonton aligusa ule waya wa tatu.

"Na hii kijani inatafuta nini ndani ya drapeau?"

Mchumba wangu hakungoja tena mtu wa kumsemea. "Tonton, nyekundu njo inaleta courant. Bleu inarudisha. Hii ya kijani na manjano iko ya terre."

"Terre ya nani?"

Nilimwona baba mkwe akishtuka. Mtu anayetoka mbali na kufungua duka katika mji wa wengine hapendi kusikia swali hilo.

"Unaomba binti," tonton aliendelea, "na sasa unaomba udongo pia?"

"Hapana, papa! Sisi hatuombi udongo! Mutoto, toa ile ya kijani!"

"Siwezi kuitoa, papa. Bila hiyo, siku mukinunua friji, mama ataishika na mukono ya maji, atakufa."

Ilibidi aeleze kwa kutumia kijiko, chungu na mimi. Kwamba umeme ukipotea njia na kuingia kwenye chuma cha friji, waya huo unaubeba nje ya nyumba mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini, na ardhi inaumeza. Ndiyo maana rangi yake haibadilishwi, hata ganda la nje likiwa rangi yoyote. Ganda ni shati tu, alisema. Ndani ndiyo mtu mwenyewe.

Tonton alisikiliza. Alipenda habari ya shati. Habari ya fimbo hakuipenda.

"Ubaya yote ya nyumba itashuka mu udongo. Mu udongo mwenye bakubwa wetu banalala."

"Kaka," papa akasema kwa upole, "bakubwa wetu banalala Yanonge. Hapa Mangobo hatujazika hata kuku."

"Hata kama. Tutabisha hodi."

Kazi ilianza Jumatatu. Mchumba wangu alikuja kwa toleka, baiskeli ya abiria, roli za kebo zimefungwa nyuma yake na ngazi begani, dereva akilalamika kwamba ngazi inampiga kisogoni. Fimbo ya chuma aliipiga nyuma ya jiko, pale mama anapomwagia maji ya kuoshea vyombo, kwa sababu chuma hicho kinataka udongo wenye unyevu. Tonton alikuja na chupa ya lotoko, pombe yetu ya mahindi. Aliwaambia wazee wa Yanonge, kwa sauti ya kufika huko, kwamba kuna chuma kinaingia, wasiogope, ni cha bokilo. Akamwaga. Mchumba wangu alitazama udongo ukinywa, akasema kwa dhati:

"Muzuri, tonton. Mwaga tena. Kiangazi, udongo ikikauka, mutamwaga kila wiki."

Tonton alimtazama yule kijana wa Kivu kwa namna mpya. Kesho yake aliamka kabla yake, akamwaga tena bila kuombwa.

Baada ya hapo waliishi pamoja kama mtu na ngazi yake. Mmoja juu, mwingine chini kwenye kiti cha plastiki, akifumba jicho moja na kusema kushoto, kulia, imepinda, toa. Kebo ya kijivu ilitembea kutoka kwenye mita, juu ya mlango, ikafuata pembe ya dari, ikashuka hadi kwenye swichi, imenyooka kiasi kwamba papa aliipitishia rula yake ya uashi na hakupata palipopinda. Kwa taa ya nje, chini ya paa, mchumba wangu alieleza tena kwamba jua hula ganda la kijivu, linapasuka. Hapo ni nyeusi tu inayofaa. Nilikumbuka matanga. Lakini tonton alikuwa ameshakuwa fundi.

"Nje, sawa. Nyeusi njo inavumilia jua. Sisi banyewe tunajua."

Siku ya Alhamisi alirudi Yanonge kuandaa samaki wa harusi. Alimkabidhi papa nyumba kana kwamba haikuwa ya papa.

Ijumaa mchana mama alitoka sokoni, akaingia jikoni na kikapu kichwani. Mchumba wangu alikuwa ameacha mkia wa kebo nyeusi ukining'inia kutoka kwenye paa la jiko, haujaunganishwa na kitu, akaenda dukani kufuata kisanduku cha kuunganishia. Ili ncha zisiguse kitu alikuwa amezifunga utepe mwekundu. Upepo ulipita chini ya bati. Ule mkia ukajinyoosha, ukageuza kichwa, ukatoa ulimi.

Mimi nilisikia kikapu kikianguka, kisha panga. Mama yangu alilelewa kando ya msitu, hapigi kelele kwanza. Alikata mara ya kwanza, nyoka akaruka. Alikata tena, akakata na kipande kilichokuwa sakafuni ili asije akafufuka. Ndipo akapiga kelele. Majirani waliingia na fimbo na mafuta ya taa. Wa friji alitaka kumchoma, wa spika alisema anaonekana wa sumu. Walikuwa wamemzunguka nyoka yule bado, kila mtu akitaja aina yake, mchumba wangu alipoingia na kisanduku chake, akatazama sakafuni, akasema kwa huzuni:

"Mama, hiyo ilikuwa nzuri sana, ya shaba mutupu."

Mama aliona aibu, na aibu yake hugeuka amri. Alisema hatalala katika nyumba yenye kitu kinachofanana na nyoka. Tulimwambia nyeusi itakuwa nje. Akasema na ile ya ndani je? Kuna nyoka wa kijivu pia, yeye amewaona Yanonge, wanapenda pembe za dari hasa. Mchumba wangu alimbembeleza mpaka jioni. Mama alimsikiliza, akampa lituma na pondu, ndizi za kuponda na kisamvu, akamshukuru. Jumamosi asubuhi, kijana akiwa dukani kwa baba yake, mama alinunua ndoo ya rangi ya waridi kwenye duka la mtu mwingine, akanipa brashi.

Tulipaka sebule nzima. Tulipaka ukuta, na kebo, na vibanio, na swichi. Niliuliza kama tusiruke kebo, akaniambia: "Paka." Rangi ya waridi ilifunika kila kitu, hata alama ya penseli papa aliyoiacha alipopima kwa rula. Papa alipoona ukuta wake umependeza hakupinga. Mchumba wangu alipoona, alikaa chini. Alisema rangi na plastiki si marafiki. Hakuna aliyemsikiliza, harusi ilikuwa wiki inayofuata.

Tonton alifika asubuhi ya harusi yenyewe. Baleinière ilikuwa imekwama kwenye mchanga njiani. Mama alikuwa kwa wasusi, papa kanisani akipanga viti, mimi nyumbani nusu ya kichwa imesukwa. Alisimama mlangoni na vikapu vyake vya samaki. Alitazama ukuta wa kulia, wa kushoto, akatazama dari.

"Câble iko wapi?"

"Iko pale, tonton. Ku ukuta."

"Mi naona ukuta."

"Iko ndani ya rangi."

Alinitazama kwa huruma kubwa. "Umeshaanza kuwatetea."

Sikuweza kumzuia. Alichukua kiti chake, akakiweka katikati ya lango, akakaa, mikono juu ya magoti. Mahari imerudishwa kwa siri, alisema, na mahari ikirudishwa hakuna harusi. Wageni wakaanza kufika. Mmoja mmoja walisimama njiani wakiwa wamevaa vizuri, jua likiwapiga. Kisha wakaja wakwe, na kreti za soda, na mama mkwe katika pagne mpya.

"Bokilo," tonton alimwita baba mkwe, "umechukua câble?"

"Mimi?" Mzee yule wa misa ya kila asubuhi alijigusa kifua. "Mimi, niibe câble yangu mwenyewe?"

"Munasikia!" tonton aliwageukia wageni. "Amesema yake! Kumbe haikuwa yetu!"

Kelele iliyotoka hapo ilizima spika ya jirani. Wajomba wa upande ule walianza kubeba kreti kurudi. Mama mkwe alilia. Mchumba wangu, ndani ya suti ya kijivu ambayo baba yake alimshonea kwa heshima ya jambo hili, alijaribu kueleza kitu juu ya rangi ya maji na rangi ya mafuta, na kadiri alivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba kweli kuna wizi.

Papa alifika katikati ya hayo. Alipita kati ya watu, akamshika kaka yake mkono, jambo ambalo mdogo hafanyi kwetu, akamwinua kutoka kwenye kiti. Akamwingiza ndani. Sisi sote tukafuata, wengine kwa madirisha. Papa alichukua kidole cha tonton, akakiweka ukutani, kando ya mlango.

Kisha kidole kikaanza kutembea. Kilifuata ule uvimbe mwembamba chini ya rangi, kikapanda juu ya mlango, akapandishwa kwenye kiti ili kisipotee, kikafuata pembe ya dari. Alipofika kwenye kila kibanio alisimama, akakigusa, akaendelea. Wazee wenzake walisogeza kiti kadiri alivyosogea. Hakuna mtu aliyecheka. Nilimwona baba mkwe akitembea nyuma yake na midomo ikitikisika, nadhani alikuwa anasali. Kidole kikashuka hadi kwenye swichi ya waridi. Tonton akaibonyeza. Balbu ikawaka, mchana kweupe.

"Bon," alisema. "Lakini kwa nini mumeivalisha?"

Mama alikuwa amefika kutoka kwa wasusi, amesimama mlangoni na nywele zake mpya.

"Kila mutu anavaa ku mariage," akajibu.

Tonton alishuka kwenye kiti. Alimwendea baba mkwe, akamshika mabega yote mawili, akamwambia samaki wako ndani ya vikapu, wasiharibike. Kreti zikarudi. Tulifika kanisani padri akiwa ameshavua kanzu na kuivaa tena, nami upande mmoja wa kichwa changu haukusukwa kamwe. Katika picha zote nimegeuza uso kushoto.

Sasa tunaishi Kabondo, mtaa mwingine wa mji, mume wangu na mimi, na kila mwezi tunakwenda kuwasalimu wazee. Yeye hajakubali habari ya rangi. Anasema ganda linahitaji kukaguliwa, plastiki inaweza kulainika chini ya rangi mbaya, na mtu wa kazi hawezi kulala na shaka hiyo. Basi watu wakiwa wanaongea, utamwona amesogea ukutani, mikono nyuma, anakwangua kwa ukucha mpaka kijivu kidogo kionekane. Anakitazama, anaridhika, anarudi kula. Mama ana kopo la ile rangi chini ya kitanda. Safari inayofuata tunakuta mahali pale pamepakwa, mume wangu anatafuta mahali pengine. Mwezi uliopita alikwangua nyuma ya kabati la vyombo, akiamini hakuna atakayeona, na tulipokuwa tunaaga mama alimkumbatia vizuri, akamshika kile kidole, akautazama ukucha wenye ile rangi ya waridi, kisha akaligeukia kabati la vyombo.